Programu huria za kusimamia seva zina wenyewe, nasi tumo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kuhusu ununuzi wa mifumo ya kompyuta katika taasisi za umma na za dini. Alishauri kwamba taasisi yenye seva nyingi (kompyuta zinazotunza kumbukumbu na kuzihudumia kompyuta nyingine) zilizotawanyika wilayani inunue programu ya leseni ya kuzisimamia kutoka mbali, na ijiepushe na programu huria, zile ambazo msimbo wake upo wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuubadilisha, kwa sababu, kwa maneno yake, hazina mwenyewe: zikiharibika hujui umshike nani. Kazi yangu ya kila siku ndiyo hiyo ya kusimamia seva kutoka mbali, na hoja yake siwezi kuiacha ipite hivi hivi, maana wakuu wa taasisi wanalisoma gazeti hili na baadhi yao watakwenda nayo kwenye kikao cha bajeti.

Ofisi yetu ipo hapa Dodoma mjini. Tunahudumia vituo vya afya na zahanati vilivyo Kondoa, Chemba, Mpwapwa, Kongwa, Bahi, na vichache upande wa Manyoni. Kila kituo kina seva yake ndogo, kompyuta isiyo na skrini iliyofungiwa kwenye kabati la chuma jirani na famasi au chumba cha kumbukumbu, ikiwa na betri ya kuishikilia umeme unapokatika. Ndani yake mna majina ya wagonjwa, majibu ya vipimo, dawa zilizotolewa na malipo. Seva ikizima, foleni ya asubuhi inarudi kwenye daftari, na mama aliyetoka kijijini alfajiri na mtoto mgongoni anasubiri kadi yake itafutwe kwenye maboksi. Hii si anasa ya watu wa mjini.

Ugumu wa kazi hii upo kwenye wingi na umbali. Seva moja utaitunza kwa mkono vizuri tu. Zikizidi kumi, kila moja inaanza kuota tabia zake. Hii ilisasishwa mwezi wa tatu, ile haijaguswa tangu fundi wa zamani aondoke. Hii imebadilishwa nywila, ile bado ina nywila ambayo kila aliyewahi kufanya kazi pale anaijua. Huku chelezo, yaani nakala ya akiba, inafanyika kila usiku, kule ilikwisha simama na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyeuliza. Na ukisema upande gari ukazikague, wakati wa mvua yapo makorongo huku kwetu ambayo yakijaa maji mnakaa ng'ambo mpaka yapungue.

Sisi tunatumia Ansible, programu huria ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja. Kwenye kompyuta moja ya Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, pale ofisini kuna faili lenye orodha ya seva zote, zimepangwa kwa makundi: za famasi, za maabara, za Kondoa, za Mpwapwa. Kuna faili jingine lenye maelekezo, yameandikwa mstari kwa mstari, mtu akitulia anayasoma: programu fulani iwepo, huduma fulani iwe imewaka, mtumiaji fulani aondolewe, saa iwe ya Afrika Mashariki. Ukitoa amri, Ansible inaingia katika kila seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, ileile ambayo mafundi wa Linux wanaitumia siku zote, inalinganisha hali iliyopo na hali uliyoiandika, kisha inarekebisha palipopungua. Kwenye seva za vituoni hupachiki programu nyingine ya kupokea amri. Zikiwa na SSH na lugha ya programu iitwayo Python, kazi inakwenda.

Ningependa msomaji yule akae pembeni yangu jioni moja, saa kumi na moja zimepita, vituoni wamebaki wagonjwa wa dharura na waliolazwa. Mistari inashuka kwenye skrini, kila seva na mstari wake. Kijani maana yake ipo sawa, haikuguswa. Njano, kuna kitu kimebadilishwa. Nyekundu, imeshindikana au seva haipatikani. Usipoielekeza vinginevyo, Ansible inazishughulikia tano tano kwa wakati mmoja. Inatokea Kongwa, kijani. Bahi, njano. Chemba, kijani. Halafu panatulia kidogo, na Mpwapwa inatoka nyekundu. Unapiga simu kwa mganga mfawidhi.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba dada. Najua unachotaka kuuliza. Umeme hakuna tangu saa nane, na betri nayo imekata."

Basi, unaiacha. Umeme ukirudi unatoa amri ileile kwa seva zote, na zile zilizokwisha kaa sawa zitapita kijani bila kuguswa. Maelekezo yakiandikwa vizuri, unaweza kuyarudia usiku kucha na usivuruge kilichokwisha tengenezwa. Aliyewahi kukimbiza amri za kuandika mwenyewe kwenye seva moja baada ya nyingine, akapoteza mtandao katikati na asijue ameishia wapi, ataelewa kwa nini naliona hili kuwa jambo kubwa.

Kwa vituo ambavyo mtandao wake ni wa kubahatisha, tumegeuza utaratibu. Seva yenyewe, ikiwa hewani, inakuja kuchukua maelekezo kwenye hazina yetu ya Git, programu inayotunza mafaili pamoja na kila badiliko lake, na kujitengeneza. Ansible inayo njia hiyo. Puppet, programu huria nyingine ya kazi hii, ndivyo ilivyozoeleka kutumika tangu mwanzo: wakala wake aliye ndani ya seva huuliza makao makuu kila baada ya dakika 30 kama kuna jipya, na akilikuta analitekeleza. Nikiwa na vituo vingi zaidi vya aina hiyo ningefikiria kuhamia mtindo huo kabisa.

Sasa hilo la kutokuwa na mwenyewe. Programu hizi zina wenyewe, na majina yao yanajulikana. Mark Burgess alianza kuandika CFEngine, mojawapo ya programu za mwanzo za kazi hii, mwaka 1993 akiwa Oslo, Norwei, kwa sababu kompyuta za chuo zilikuwa za aina nyingi na kila aina ilitaka itunzwe kivyake. Luke Kanies alitoa Puppet mwaka 2005. Chef ikafuata mwaka 2009, Salt ya Thomas Hatch mwaka 2011, na Michael DeHaan akaleta Ansible mwaka 2012. Hata SSH iliyo chini ya haya yote ina historia ya namna hiyo. Tatu Ylönen aliiandika mwaka 1995 huko Finland baada ya wezi kunasa nywila za watu kwenye mtandao wa chuo chake, na tangu mwaka 1999 watu wa mradi huria wa OpenBSD wametoa OpenSSH, ambayo ndiyo iliyomo kwenye seva zetu. Watu hawa walikuwa na shida ninayoijua, wakaiandikia dawa, na dawa wakaiacha wazi.

Kama msomaji anataka kampuni ya kusaini nayo mkataba, ipo pia. Red Hat iliinunua Ansible mwaka 2015, na IBM ikainunua Red Hat kwa dola bilioni 34, biashara iliyokamilika mwaka 2019. Taasisi yenye uwezo inaweza kulipia msaada wao. Lakini leseni ya Ansible ni GPL toleo la 3, mojawapo ya leseni za programu huria, na leseni hiyo inanipa mimi, fundi wa Dodoma, haki ya kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kumgawia mwingine, hata IBM ikiamua kesho kufanya biashara nyingine. Haya tumeyaona yakitokea. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp ilibadili leseni ya Terraform isiwe huria tena, programu inayotumika kuandaa seva na huduma za mtandaoni. Kabla ya Septemba kwisha, watumiaji walikuwa wamechukua toleo la mwisho lililokuwa huria, wakaliita OpenTofu na kuliweka chini ya Linux Foundation, shirika linalolea miradi huria. CentOS Linux 8, aina ya Linux ya bure kwa seva, ilipositishwa mwishoni mwa 2021, tayari mbadala wake, Rocky Linux na AlmaLinux, zilikuwa zimesimama, na ofisi zilizokuwa zikiitegemea zilihama bila kununua leseni. Programu ya kulipia ikifungwa na kampuni yake, mteja anahamia wapi?

Nalisema hili nikiwa nimeliona. Kabla ya kazi hii nilikuwa fundi katika taasisi nyingine, ambayo sitaitaja, wala muuzaji wake sitamtaja. Ilinunua programu ya kigeni ya kusimamia seva kutoka mbali, leseni ya mwaka, bei ikihesabiwa kwa kila seva, hivyo kila tulipofungua kituo kipya gharama ilipanda. Mwaka mmoja fedha zikachelewa kutoka. Aliyewahi kufanya kazi kwenye taasisi za huku kwetu anaijua hali hiyo, mwaka mpya wa fedha umeanza na akaunti haijasoma kitu. Asubuhi tukakuta ukurasa wa usimamizi umefungwa. Seva zilikuwa hai, ila sisi hatukuwa na pa kuingilia, kwa kuwa wakati wa kusimika mfumo tulielekezwa tuufunge mlango wa SSH na kila kitu kipitie kwao. Maelekezo yote tuliyoyajenga yalikuwa ndani ya mfumo wao, kwa mtindo wao, na hayakuwa na njia ya kutoka. Tukarudi kuzunguka vituoni na kibodi na skrini kwenye gari, huku wagonjwa wakiandikwa kwenye daftari. Mwenyewe alikuwepo. Namba yake ya simu tulikuwa nayo, alipokea, na jibu lake lilikuwa ankara. Wao walishika mpini, sisi tukashika makali.

Kwa hiyo ninaposikia swali la "utamshika nani", nauliza na mimi: ukishamshika, utamfanya nini?

Msomaji aligusia pia usalama, na hapa nataka kuwa mkweli kwa pande zote mbili. Programu inayoweza kuamuru seva zote ni hatari mikononi mwa mwizi, iwe ya kulipia au huria. Desemba 2020 iligundulika kwamba wadukuzi walipenyeza sumu kwenye masasisho ya Orion, programu ya kampuni ya SolarWinds ya kufuatilia mitandao na seva, na wateja wapatao 18,000 walikuwa wamepokea masasisho hayo. Julai 2021 wahalifu walitumia udhaifu katika programu ya Kaseya, ambayo kazi yake ni kusimamia kompyuta za wateja kutoka mbali, wakafunga mafaili ya biashara nyingi na kudai fedha. Kule Sweden mamia ya maduka ya Coop yalifunga milango kwa sababu mashine za kulipia ziligoma. Hizo zote ni programu za leseni, zenye mwenyewe na ofisi. Upande wetu nao haukusalimika. Mwaka 2020 Salt ilikutwa na tundu lililomruhusu yeyote aliyeifikia seva kuu kuziamuru seva zote zilizo chini yake, na wapo walioingiliwa kabla hawajasasisha. Machi 2024 ikagundulika kwamba mtu aliyejipenyeza taratibu kwenye mradi wa xz, programu huria ya kubana mafaili, alikuwa ameficha humo mlango wa nyuma wa kuingilia kupitia SSH. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft aliyekuwa akifanya kazi ya PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata. Aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kupuuza, akachimba. Aliweza kuchimba kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Na mimi niliyekuwa Dodoma niliweza kusoma alichokiandika siku zilezile, nikapima seva zetu zote kwa amri moja ili nijue zina toleo gani la xz, nikaona hakuna yenye toleo lililochafuliwa.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Funguo zetu za SSH zipo kwetu, nywila zilizo ndani ya maelekezo zimefungwa kwa usimbaji, na hakuna kampuni iliyo ng'ambo yenye ufunguo wa akiba wa seva yenye majina ya wagonjwa wa Chemba. Mkuu wa taasisi anayenunua huduma ya nje aulize ufunguo huo unakaa wapi na kwa nani.

Hatari nyingine ni ya mkono wa fundi mwenyewe. Amri moja mbaya kwa seva zote ni msiba kwa vituo vyote kwa wakati mmoja, na anayekuambia haiwezekani anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ansible ina namna ya kufanya jaribio inayoonyesha ni kipi kingebadilika bila kugusa kitu, na unaweza kuiagiza iende seva moja moja na isimame ikikuta kosa. Sisi hakuna badiliko linalokwenda vituoni kabla halijapita kwenye seva ya majaribio ya ofisini, na mtu wa pili lazima ayasome maelekezo kabla hayajatekelezwa. Huo ni utaratibu wa watu. Hakuna leseni inayokuja nao.

Na hapo ndipo penye gharama halisi ya programu huria. Sijawahi kumwambia bosi wangu kwamba ni bure. Nilimwambia kwamba fedha ambayo ingekwenda kwenye leseni iende kwenye mshahara, mafunzo na betri nzuri. Tuna kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma. Alipokuja hakukuta siri zimelala kichwani mwangu. Alikuta mafaili. Kila badiliko lipo kwenye Git, na jina la aliyelifanya, tarehe na sababu. Maelezo ya kando tumeyaandika kwa Kiswahili. Juu ya seva ya kituo kimoja pameandikwa: "Usiiwashe upya Jumatano asubuhi, ni siku ya kliniki ya watoto." Juu ya nyingine: "Mtandao wa hapa unakuja vizuri baada ya saa mbili usiku, subiri." Siku nikiondoka, maarifa hayo yanabaki ofisini. Katika ile taasisi ya zamani, fundi mmoja alipoacha kazi aliondoka na nywila zote, na kwa wiki kadhaa wakubwa walikuwa wakimpigia simu kumbembeleza.

Kuhusu masasisho, ofisini tuna kompyuta ya kawaida inayotumia apt-cacher-ng. Seva ya kwanza ikipakua kifurushi cha Debian, aina ya Linux tunayoitumia, nakala inabaki Dodoma na nyingine zote zinachukua hapo. Inaokoa bando, na iliokoa zaidi ya hapo. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, njia yetu ya ndani kwenda vituoni iliendelea, na tuliweza kukitengeneza upya kituo kimoja chote kwa vifurushi vilivyokuwa tayari ofisini. Vyuo vyetu vina uwezo wa kufanya hivi kwa kiwango kikubwa zaidi kwa faida ya mkoa mzima, na natamani sana vifanye.

Wanaodhani programu huria hazifai kwa mambo ya serikali wakumbuke DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya inautumia kukusanya takwimu za vituo nchi nzima. Huo ni huria, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa washirika wake kwa miaka mingi. Zahanati inayotuma taarifa zake kwenye programu huria kila mwezi haina sababu ya kuogopa programu huria inapotunza seva yake.

Ombi langu kwa wanaoandaa zabuni ni dogo. Kabla ya kusaini, mwombeni muuzaji aandike kwenye mkataba kwamba leseni ikiisha mtaendelea kuingia kwenye seva zenu, na kwamba maelekezo mliyoyajenga atawakabidhi kwenye mafaili yanayofunguka bila programu yake. Akisita, mmeshajua. Na mwiteni fundi wenu kwenye kikao hicho, hata kama ni kijana na cheo chake ni kidogo, kwa sababu yeye ndiye atakayeamshwa usiku.

Mafaili yetu ya maelekezo tunayaandaa tuyaweke wazi kwa yeyote, tukishaondoa majina ya vituo, anwani na siri zote. Kazi hiyo inakwenda polepole kwa kuwa tunaifanya baada ya saa za kazi. Fundi wa hospitali, shule au SACCOS aliye Dodoma, Singida au penginepo, ambaye hawezi kusubiri, akuandikie wewe Mhariri, nami nitampa nilichonacho na kukaa naye mpaka seva yake ya kwanza ipite kijani.

Fundi wa seva,
Nkuhungu, Dodoma.